Masika na vuli kwenye nchi ya msimu mmoja

Mwaka wangu wa pili kazini, katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, nilifundisha darasa la nne misimu ya mvua. Niliandika ubaoni kwamba masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba, wanafunzi wakanakili. Msichana wa dawati la nyuma aliuliza: "Mwalimu, hizo mbili zinanyesha wapi?" Nilimwambia amalize kwanza kuandika. Kengele ikagongwa kabla sijamjibu.

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko somo langu. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mtoto aliyekwisha kufukuza ndege kwenye shamba la uwele la bibi yake anaujua kabla ya kujua kusoma. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yenye thamani yamo vitabuni na kwa wasomi peke yao. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili aliyefika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliifananisha elimu ya namna hiyo na kuweka akiba benki: mwalimu huweka, mwanafunzi hupokea tu. Nilikuwa nimewasoma wote wawili chuoni, na bado nilifundisha vile.

Naamini chumba chenyewe kilichangia. Madawati yote yalitazama ubao, kwa hiyo mtoto wa nyuma alizungumza na visogo vya wenzake, na jibu lililohesabika lilikuwa langu tu. Kupanga madawati duara kusingetosha, maana hata kwenye duara mwenye chaki angebaki mimi.

Mwaka uliofuata tuliweka kopo uani, lenye kuta zilizonyooka, na wanafunzi wakapokezana kupima maji kwa rula kila asubuhi. Waliwauliza wazee wao dalili za mvua, kisha wakabishana kwa vipimo vyao kama ardhi imelowa vya kutosha kupanda. Masika na vuli tulizisoma pia, kwa sababu mtihani unaziuliza, lakini safari hii kama habari za Pwani na Kaskazini.

Yule msichana alikuwa ameshapanda darasa la tano. Wakati wa mapumziko alikuja kulitazama kopo, akauliza kama maji yanayokaushwa na jua nayo huhesabiwa. Tulipima pale pale, tukaweka alama kwa mkaa, tukarudi tena saa nane.