Walimsujudia

"Nao walipomwona, walimsujudia" (Mathayo 28:17).

Wapendwa, juma hili nimekwama kwenye kitenzi kimoja: kusujudu.

Wale kumi na mmoja waliokuwa mlimani Galilaya walikuwa Wayahudi. Tangu utoto walifundishwa kukiri, "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja" (Kumbukumbu la Torati 6:4). Taifa lao lilichukuliwa mateka hadi Babeli kwa sababu ya kuabudu sanamu, na baada ya hapo hawakuwa watu wa kuinamia kitu ovyo. Sasa wanapiga magoti mbele ya mtu waliyekula naye, waliyemwona amelala usingizi chomboni, waliyemwona anasikia njaa.

Tendo hilo wengine walilikataa kabisa. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua akasema, "Simama, mimi nami ni mwanadamu" (Matendo 10:26). Yohana alipoanguka mbele ya malaika, malaika akamkataza: "Msujudie Mungu" (Ufunuo 22:9). Mtume amekataa na malaika amekataa. Tomaso akamwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" na Yesu hakumwinua wala hakumkanya. Ukimya huo wa Bwana umenitetemesha kuliko hoja yoyote niliyowahi kusoma.

Kusujudu kulitangulia, maelezo yalifuata, tena kwa taabu. Paulo alipowaandikia Wakorintho alikuwa tayari amechukua kiri ileile ya Israeli, yenye neno "Mungu" na neno "Bwana", akasema kwetu sisi yuko Mungu mmoja, aliye Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo (1 Wakorintho 8:6). Hakuongeza mungu wa pili kando ya yule mmoja. Alimweka Yesu ndani ya kiri yenyewe. Na mnamo mwaka 112 hivi Plinio, gavana wa Kirumi aliyekuwa akiwahukumu Wakristo, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba watu hawa hukusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Kwa hiyo anayesema Kaisari Konstantino ndiye aliyempa Yesu uungu kule Nikea, kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325, amechelewa kwa miaka mia mbili. Tena Konstantino mwenyewe alikuja kubatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki yake Ario, yule aliyekana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba.

Huyo Ario alikuwa kasisi wa Aleksandria, na naomba tusimfanyie pupa. Hofu yake ilikuwa ya kweli: Mungu ni mmoja, hana mwanzo, hagawanyiki, basi Mwana naye atakuwaje Mungu? Alikuwa na aya zake pia, kama ile "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Akafikia kusema palikuwapo ambapo Mwana hakuwapo. Mwana, kwake, ni kiumbe: wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe.

Shida ni kwamba wafuasi wa Ario hawakuacha kumwomba Mwana wala kubatiza kwa jina lake. Hapo ndipo Athanasio, mpinzani wao mkubwa kutoka Aleksandria, alipowabana. Kama Mwana ni kiumbe na bado mnamsujudia, mmerudi kule walikotoka mataifa, kuabudu kilichoumbwa pamoja na Muumba. Aliyetaka kuulinda umoja wa Mungu ndiye aliyeuvunja. Na kingine: kiumbe hakiwezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kama aliyeshuka kuja kwetu siye Mungu mwenyewe, basi bado tuko ng'ambo, na daraja halijafika.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea. Athanasio, wakati huo shemasi tu, alieleza baadaye kwamba walianza kwa kutaka maneno ya Maandiko peke yake. Walipopendekeza kusema Mwana "ametoka kwa Mungu", wenzake Ario wakakubali haraka, huku wakinong'ona na kukonyezana, kwa kuwa vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Ndipo likatafutwa neno ambalo halikuwa na mlango wa nyuma, lile tunalolikiri hadi leo: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Neno la Kigiriki lililotumika halimo katika Biblia, na jambo hilo liliwasumbua hata watu wema. Mimi naliona kama kufuli: kufuli si mali, ila huilinda mali iliyomo ndani. Athanasio alilipia; akiwa askofu alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano.

Baadaye ulikuja mtego wa upande wa pili. Apolinari, askofu wa Laodikia, alikubali kwa moyo wote kwamba Kristo ni Mungu, kiasi cha kusema hakuwa na akili ya kibinadamu, kwani Neno, yaani Mwana wa milele, lilikaa mahali pake. Askofu Gregori wa Nazianzo akajibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Hebu kaa na sentensi hiyo. Akili yangu inayotangatanga usiku, hofu zangu, uamuzi wangu mgumu: kama Mwana hakuvitwaa, vimebaki vigonjwa. Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ukakiri Kristo mmoja katika asili mbili, bila kuchanganyika wala kutengana. Ndugu zetu wa makanisa ya Kikopti na Ethiopia hawakuipokea lugha hiyo, ingawa nao wanamkiri kuwa Mungu kweli na mtu kweli, na utengano huo unaniuma.

Nimesoma tena Gethsemane nikiwa na haya moyoni. "Walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" (Mathayo 26:39). Maksimo, mtawa mzee wa karne ya saba, alisisitiza kwamba yale ni mapenzi ya kibinadamu hasa, mapenzi kama yangu, yanayoogopa kifo na hatimaye kukubali. Kwa msimamo huo alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli ulikuja kuthibitisha fundisho hilo mwaka 681. Kwa hiyo katika bustani ile kuna mwanadamu mmoja ambaye hatimaye alimwambia Mungu "ndiyo" kikamilifu, na mwanadamu huyo ni Mwana wa milele.

Ile aya ya mwanzo sikuimaliza. Yote inasema: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Mathayo hasemi ni akina nani, wala hasemi Yesu aliwatenga na wenzao. Aya inayofuata inaanza, "Yesu akaja kwao."