Nilivyomaliza Cadillacs and Dinosaurs kwa koini moja

Nimelimaliza gemu la Cadillacs and Dinosaurs kwa koini moja, nikimchezesha Mustafa, toka steji ya kwanza hadi ya nane. Naandika nikiwa bado na furaha yake, na pia kwa sababu nimechoshwa na ushauri mbovu unaozunguka kuhusu gemu hili. Kila unayemuuliza atakwambia mambo mawili. La kwanza, chukua yule jitu la miraba minne, Mess, maana ngumi zake nzito. La pili, ukifa bonyeza namba tano, ongeza koini, songa mbele. Hilo la pili silihesabu kama ushauri. Kwenye kompyuta koini hazina bei, na anayeziongeza bila kikomo atafika mwisho tu, huku hajui bosi hata mmoja anapigwaje.

Kwa wasiolijua, ni gemu la Capcom la mwaka 1993, la mashine zile kubwa za kutumbukiza koini, la kutembea na kupiga magenge. Limetokana na katuni za Mark Schultz ziitwazo Xenozoic Tales, zilizoanza kutoka kama jarida mwaka 1987. Shujaa wake ni Jack Tenrec, fundi magari wa karne ya 26. Dunia imeharibika, dinosaria wamerudi, na Jack anafufua Cadillac za zamani zinazotembea kwa mafuta ya kinyesi. Adui zake wakubwa ni majangili wanaowaua dinosaria hovyo. Mimi nimekulia kwenye nchi iliyopoteza tembo wengi kwa majangili, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa nampiga nani na kwa nini.

Mtaani kwetu hakuna aliyeliita jina lake. Lilikuwa "Mustafa" tu, kwa ajili ya Mustapha Cairo, yule wa kofia na fulana ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wenzake. Na kwa vile Capcom hawakulitoa kwa vifaa vya nyumbani, hata wenye PlayStation walikuwa wanakuja kwenye kompyuta kulicheza.

Nilimjaribu Mess kwa uaminifu kabisa. Ana nguvu, sikatai. Lakini ni mzito, na kwenye gemu hili kinachoua watu ni kuzingirwa. Wakikushika wawili huku na mmoja nyuma, nguvu haikusaidii, utaishia kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja upige lile pigo la kujinasua, ambalo kila likimpata mtu linakula damu yako mwenyewe. Ukilitegemea hilo, unafika kwa bosi ukiwa nusu.

Mustafa ni kitu kingine. Gusa mshale mara mbili upande mmoja, anakimbia. Piga, anaruka na teke linalowabeba waliopanga mstari. Unatua upande wa pili, unageuka, na sasa wote wako mbele yako. Huo ndio mchezo wote, kuwaweka upande mmoja. Ukimkaribia mtu bila kumpiga utamkamata, mrushe kwa wenzake badala ya kumtwanga hapo hapo. Na usiisogeze skrini kabla hujawamaliza waliopo, maana ukisogea unaita wengine.

Sasa nieleze kilichonikwamisha, kwa sababu nina hakika kinawakwamisha wengi na wanadhani hawana mikono ya gemu.

Steji ya pili kuna bosi aitwaye Butcher, na mapanga yake. Akikujia kwa kasi hutakiwi kusimama kwenye mstari wake. Mimi nilikuwa namkwepa kwa kuruka mshazari, juu kushoto, halafu narudi na teke. Mustafa akawa haruki. Kulia anaruka vizuri, chini anaruka, juu kushoto anatembea tu kama hajasikia, na Butcher anamkata. Kila aliyeona alikuwa na jibu. Mmoja akasema kompyuta imechoka, niongeze RAM. RAM ya nini kwa gemu la 1993? Mwingine akasema programu ya kuchezea ni mbovu, nishushe nyingine. Nikashusha. Butcher akanikata vilevile. Wa tatu akasema nabonyeza kwa kuchelewa, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi.

Nikafungua Notepad. Nikaandika mistari michache ya hovyo, nikaweka kidole kwenye mshale wa juu na kingine kwenye wa kushoto, nikavishikilia vyote viwili, kisha nikabonyeza Space, maana fundi aliyeniuzia kompyuta alikuwa amenipangia kurukia Space. Nafasi haikuonekana. Nikagonga tena kwa nguvu. Hakuna kitu. Nikashikilia mshale wa juu na wa kulia, nikagonga Space: nafasi zikamwagika kwenye mstari. Nikacheka peke yangu. Kompyuta ilikuwa nzima, programu nzima, na mikono yangu mizima. Kibodi ndiyo ilikuwa haipeleki habari.

Nilikuja kuelewa kwamba kwenye kibodi za bei rahisi vitufe vinashirikiana nyaya, zimepangwa kwa safu za wima na za ulalo, na kuna vitufe vitatu vitatu ambavyo ukivishika pamoja kibodi inashindwa kuvitenganisha, hivyo inakitupa cha tatu. Juu, kushoto na Space ni kundi maarufu kwa tabia hiyo. Lakini Ctrl, Alt na Shift zimetengenezwa zibonyezwe pamoja na vingine, ndiyo maana kwa kawaida hazizibwi.

Nikahamishia kuruka kwenye Shift. Raha ilidumu kidogo, maana Windows ukiigonga Shift mara tano mfululizo inakutolea kidirisha cha Sticky Keys katikati ya vita. Hicho unaweza kukizima kwenye mipangilio, kizime mapema. Mimi niliamua kupiga kwa Ctrl ya kushoto na kuruka kwa Alt ya kushoto. Na hapo nikagundua kwamba ndivyo MAME, ile programu ya kuchezea, inavyokuja yenyewe kabla fundi hajaichokonoa! Kibodi mpya zipo Kariakoo kwa elfu kumi na kitu, ila sikuhitaji.

Butcher alikufa jioni ileile.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Steji ya tatu utapewa Cadillac yenyewe uendeshe jangwani, wagonge wote bila huruma, na Hogg wa pikipiki utakutana naye mwishoni. Mapipa yenye chakula usiyavunje ukiwa na damu kamili, utapata pointi tu. Pigana kwanza, upungue, ndipo uyafuate. Dinosaria aliyelala mwache alale. Bunduki itumie kwa aliye kwenye mstari wako, usimwage risasi hewani, na ikiisha mrushie mtu.

Dokta Fessenden, bosi wa mwisho, anaanza kama binadamu na kuishia kuwa jinyama. Watu wanapoteza laifu zote pale kwa kumng'ang'ania. Mimi nilikuwa naingia na teke moja, natoka juu kushoto, naingia tena. Upande uleule ambao kibodi ilikuwa inaninyima ndio nilioutumia kummaliza. Nilibaki na laifu moja na damu robo.

Sasa nimeanza na mhusika mwingine, Hannah. Ni hodari kwa silaha lakini mwepesi wa kuangushwa, na bado natafuta namna nzuri ya kumpitisha kwa Butcher bila kula laifu. Kama kuna aliyempitisha salama, anieleze anaanzia upande gani, na asiniambie nichukue Mess.