Tope la Marikina: msingoje maji yaishe

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa Tumana ulikuwa huu: "Ngojeni maji yaishe kabisa, ndipo msafishe." Aliyeutoa alikuwa na viatu vikavu.

Tumana ni barangay, yaani mtaa wenye serikali yake ndogo, kando ya mto Marikina, mashariki mwa Manila, Ufilipino. Tarehe 24 Julai 2024 kimbunga Carina kilizidisha mvua za habagat, upepo wa msimu utokao kusini-magharibi, na mto ukapanda hadi mita 20.7. Tahadhari ya tatu, ile ya kuhama kwa lazima, ni mita 18. Wenyeji waliona mita 22 siku ya kimbunga Ulysses, Novemba 2020, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa kuhama. Kurudi nyumbani ndiko kwenye kazi.

Nyumba ya kwanza tulifuata ule ushauri. Maji ya mto yamebeba udongo laini wa milima ya Sierra Madre. Yakienda kasi udongo unaelea, yakitulia ndani ya chumba unashuka chini na kulala. Kufika asubuhi maji yalikuwa yameondoka, tope la kifundo cha mguu limebaki, na juu limeanza kukauka kama chungu kisichochomwa. Beleshi linaingia, halitoki. Likitoka, limetoka na tope lake na halitaki kuliachia. Tukamwaga ndoo za maji tukidhani litalainika. Maji yakateleza juu yakaenda zake mlangoni, safi kabisa, tope likabaki linatucheka. Watu wanane, vyumba viwili, mpaka alasiri. Nilijiona fundi, kumbe nilikuwa nafinyanga.

Nyumba za bondeni zilikuwa bado na maji ya magoti. Nanay mmoja, mama mzee mwenye nyumba (nanay ni mama, na ndivyo tulivyomwita sote), alikuwa tayari ndani na fagio la chelewa, anakoroga. Akasema: "Habang may tubig." Wakati maji yapo. Basi tukajipanga kwake.

Wawili nyuma kabisa ya nyumba wanakoroga sakafu kwa fagio la chelewa, maana la plastiki linapinda. Watatu wanasukuma maji hayo mazito kuelekea mlangoni kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa ukanda wa tairi la ndani. Wawili wanachota kwa karai penye kizingiti. Wa nane anasimama nje na kuangalia alama ya mkaa ya kimo cha maji kwenye nguzo ya geti. Kazi inaanzia magotini na inakolea maji yakifika katikati ya muundi. Yakishuka chini ya kifundo, mwendo wa maji umekwisha na umerudi kwenye beleshi. Kuta zinasuguliwa kabla ya sakafu, na maji hayohayo machafu yanatosha kwa mkupuo wa kwanza. Ghorofa ikiwepo, anza juu. Nyumba ya Nanay ilichukua kama saa mbili, tukahamia kwa jirani, naye jirani alikuwa mmoja wa wale wanane. Bayanihan, yaani kusaidiana kwa Wafilipino, kwa vitendo ndiyo hiyo: unasukuma tope la mwenzio huku la kwako likikungoja.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya mguu kuingia, na usiwashwe mpaka fundi afungue soketi zilizolowa.

Tope linalobaki linatiwa kwenye magunia ya mchele. Gunia la kilo 50 ukilijaza tope bichi linakaribia kilo 100, na mshono wake unaachia katikati ya njia. Theluthi moja inatosha. Yapangwe mbali na mdomo wa mtaro, la sivyo mvua ya usiku inarudisha kila kitu.

Klorini ya maji, ile ya kung'arishia nguo, ije mwisho, baada ya sabuni, kwa sababu tope linaimaliza nguvu. Sisi tulitia kama nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10. Kila choo kule kina chupa ya asidi ya muriatiki ya kusafishia, na kuna kijana aliyetaka "kuongeza makali" kwa kuvichanganya. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Tulimnyang'anya chupa.

Gambuti ziwe ndefu. Nilinunua za bei rahisi, peso mia tatu na ushee, zikaingiza maji siku hiyohiyo. Mkojo wa panya ndani ya mafuriko unaleta leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria, na kidonda kidogo kinatosha kuiingiza. Aliyekanyaga maji aende kituo cha afya cha barangay aulize kuhusu doksisaiklini, dawa ya kuukinga. Inamezwa baada ya kula, kwa maji mengi, na mjamzito au mtoto asipewe bila daktari. Homa ikija ndani ya siku 30, macho mekundu, mashavu ya miguu yakiuma, hiyo si uchovu wa beleshi.

Saa kumi jioni ikaja sufuria ya lugaw, uji wa mchele wenye tangawizi nyingi, imebebwa na watu wawili kwa mti wa mwanzi. Tulikula tumesimama, maana viti vilikuwa bado juu ya paa.