Kaskazi ilipowafungia bandarini

Jumamosi iliyopita, barazani kwetu Sinza, niliwaongoza rafiki zangu wanne katika mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa dadu yenye pande 20 inayoamua kama tendo la mhusika limefaulu, wa jadi iliyoanzishwa na Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974. Kwa muda mrefu tulikuwa tukicheza katika misitu yenye theluji, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa isipokuwa ile ya kwenye friji. Safari hii niliihamishia hadithi Kilwa ya karne ya 14, mji uliokuwa na sarafu zake wenyewe na uliompokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, kisha nikaongeza majini.

Nilidhani ninabadili mapambo tu. Kumbe hata uchezaji wenyewe ulibadilika. Mwenzetu mmoja, mzoefu wa kuvunja milango, alipofika kwa tajiri alipiga hodi mara tatu, akasubiri, akamwamkia mzee shikamoo ndipo akauliza habari za hazina, nami nikaona haya kumwambia arushe dadu.

Baadaye walitaka kukimbilia Arabuni kwa jahazi. Ilikuwa Januari, upepo wa kaskazi unavuma kutoka huko huko, na ule wa kusi, wa kuwapeleka, hauji hadi Aprili. Ikawabidi wakae mjini miezi mitatu pamoja na adui waliyemwibia, wakikutana naye msikitini kila Ijumaa, na hapo ndipo tulipokesha hadi saa nane usiku, chai ya tangawizi ikiwa imeshapoa.