Entiti Ndani ya Entiti

Jana usiku, nikiwa bado ofisini Westlands, nililetewa hati ya XML, muundo wa kuandika data kwa maandishi, yenye mistari isiyofika 20 ambayo ilikuwa imeiangusha seva yetu mara mbili. Kumbe kila entiti, yaani jina fupi linalosimama badala ya maandishi fulani, ilikuwa imetangazwa kwa kuirejelea iliyoitangulia mara 10, ngazi juu ya ngazi, hata neno la herufi 3 lililokaa chini kabisa likishapanuliwa katika ngazi 9 hurudiwa mara 1,000,000,000, yaani takriban gigabaiti 3 za maandishi. Kanuni za XML, zilizotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, hukataza entiti kujirejelea yenyewe, iwe moja kwa moja au kupitia nyingine. Hapa hapakuwa na mzunguko wowote, kwa hiyo hati ilikuwa imeundwa sawasawa, jambo lililoniudhi zaidi. Kuhesabu idadi ya ngazi pekee hakutoshi kuizuia, kwa maana ngazi 9 si nyingi. Nimeweka kikomo cha jumla ya herufi zinazozalishwa wakati wa kupanua, na kwa hati zitokazo nje nimeikataa kabisa DTD, ile sehemu inayotangaza entiti, kwani zile entiti 5 za asili, kama ile ya alama ya &, hazihitaji kutangazwa. Asubuhi hii hati ile ilikataliwa papo hapo.