Siku Naito alimaliza kuita majina

Tarehe 4 Januari 2024 ilikuwa Alhamisi, Njaanuari yenyewe, shule zinakaribia kufunguliwa na watu wanarudi kutoka ushago na simu zimepasuka vioo. Mimi niko na kibanda cha kutengeneza simu hapa Kawangware, si mbali na steji ya 46, na hiyo siku nilikuwa nimeshaamua tangu usiku kwamba mikono itafanya kazi lakini roho itakuwa Tokyo. Japani wako mbele yetu masaa sita kwa hivyo shoo ya mieleka ikianza saa kumi na moja jioni kwao, huku kwetu ni saa tano asubuhi. Nikanunua bando la siku, nikaegemeza simu yangu kwa kopo la bisibisi, nikaunganisha spika ndogo, nikasubiri.

Kwa wenye hawajui, Wrestle Kingdom ndiyo shoo kubwa kuliko zote za New Japan Pro-Wrestling, kampuni ya mieleka ya Japani, inafanyika kila tarehe 4 Januari ndani ya Tokyo Dome, ule uwanja wa besiboli wenye paa. Hii ya 2024 ilikuwa ya 18 na watu 27,422 waliingia. Mishipi ya ubingwa ilibadilisha mikono karibu usiku wote, Tanahashi alimnyang'anya Zack Sabre Jr. ule wa televisheni, Hiromu Takahashi akapoteza wake kwa El Desperado (hiyo iliniuma), David Finlay akachukua mshipi mpya kabisa mbele ya Will Ospreay na Jon Moxley, na Okada akamshinda Bryan Danielson kwa mechi ambayo haikuwa hata na mshipi lakini watu walikuwa wamesimama. Zote nilizipenda. Lakini mimi nilikuwa nangoja ya mwisho, Tetsuya Naito na SANADA, ubingwa wa dunia wa IWGP, ndio mshipi mkubwa wa hiyo kampuni, na kusema ukweli hata mshipi sio kitu nilikuwa nangoja.

Jirani yangu ni mama mboga. Mchana biashara ikipoa huwa anavuta kiti chake mpaka mlangoni kwangu, akiwa na sinia ya minji anaambua. Akaangalia simu kidogo akaniuliza, "Kijana wangu, hapo staringi ni nani?"

Nikamwambia mama, staringi ni huyu wa suti, huyu anavua nguo polepole. Kwa sababu Naito ndio zake hizo, anafika ulingoni na anatoa koti taratibu, anakunja, refa anangoja, adui anangoja, uwanja mzima unangoja, na yeye hana haraka na mtu. "Tranquilo" ndilo neno lake, maana yake tulia. Mama akasema huyo ana madharau. Nikamwambia ana sababu, na hapo nikaanza kumpa stori yote huku nimeshika skrini ya mtu na kibanio.

Naito alikuwa ametengenezwa awe shujaa, wa kupendwa, na 2013 akashinda G1 Climax, ile ligi yao ya kiangazi yenye mshindi wake anapata nafasi ya kupigania ubingwa pale Tokyo Dome Januari. Kwa hivyo 4 Januari 2014 ilikuwa iwe yake, yeye na Okada, mechi ya kufunga usiku. Lakini mashabiki hawakuwa wanamtaka hivyo, walikuwa wamechoka naye, kampuni ikaamua wapige kura mechi gani ndiyo ifunge shoo, na wakachagua Nakamura na Tanahashi wakigombania mshipi wa chini. Ebu fikiria hapo. Mshipi mkubwa ukashushwa ukawa wa pili kutoka mwisho kwa sababu yako, halafu uingie upigane mbele ya watu haohao wenye wamekukataa, halafu ushindwe. Na alishindwa.

Mtu ataniambia mieleka ni ya kupangwa, nimeambiwa hivyo tangu nikiwa mtoto. Sawa, mshindi anapangwa. Lakini ile kura haikupangwa, walikuwa watu wa kawaida wamekaa kwao nyumbani wakasema huyu hapana. Hata kuzomewa hakukupangwa. Magoti yake yaliyoharibika si ya kupangwa, na jicho lilimsumbua mpaka likapasuliwa, alikuwa anaona vitu mara mbili na bado anaruka kutoka kwa kamba. Hiyo ndiyo ilinifanya nimpende.

2015 akaenda Meksiko, akaingia kwa kikundi kinaitwa Los Ingobernables, wasiotawalika, na akarudi kwao mtu mwingine kabisa. Hakuomba kupendwa tena. Akaanzisha tawi la Japani na EVIL na BUSHI, mishipi anaitupa juu na kuiacha ianguke kama haina kazi, na hapo sasa, alipoacha kuwaomba, ndio mashabiki wakampenda kufa. Akishinda mechi ya mwisho anashika maikrofoni anaita majina ya wenzake mmoja mmoja, halafu wanamaliza pamoja, yeye na uwanja wote: Los! Ingobernables! De! Ja! Pon!

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki, kuita hayo majina pale Dome. 4 Januari 2018 akafika mechi ya mwisho, Okada akamshinda. 5 Januari 2020 akamshinda Okada, akashika mishipi miwili mara moja, akachukua maikrofoni, akaanza, watu wamefungua midomo tayari, na KENTA, mwanamieleka mwingine, akatokea nyuma akampiga akamkalia juu pale katikati ya ulingo. Usiku ukaishia hapo. Mimi nilizima simu nikakaa tu. Halafu korona ikaja na kule mashabiki wakakatazwa kupaza sauti, miaka miwili na zaidi ni makofi peke yake, kwa hivyo hata angeshinda nani angeitikia?

Mama alikuwa ameacha kuambua minji. Akasema, "Na leo wakimkatiza tena?"

Basi tukaiangalia pamoja. SANADA si adui wa kutoka mbali, alikuwa kijana wake, amekuwa kwa kikundi chake miaka saba mpaka 2023 akatoka akajitafutia njia yake na akawa bingwa, kwa hivyo kila mmoja anajua mbinu za mwingine, na Naito alikuwa na miaka 41 na unaona kabisa anakimbia kama mtu mwenye magoti yanauma, anateremsha mguu mmoja kwa uangalifu kabla ya ule mwingine. Zile pini za karibu tatu (mabega chini, refa akifika tatu umeshindwa), mama alikuwa anapiga sinia kwa kiganja kama yeye ndiye refa. Moja, mbili, aaah. Halafu Destino, ile mbinu yake ya kumaliza mtu, tatu. Bingwa mpya.

Na hapo hatukushangilia kwa sababu tulijua bado. Akashika maikrofoni. Na wueh, EVIL akatokea, yule yule alianza naye kikundi 2015 kabla ya kumgeuka. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Si nilisema." Lakini SANADA, mtu amepoteza ubingwa dakika chache zimepita, akarudi akamfukuza EVIL na akaondoka bila kuongeza neno. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya usiku wote mpaka leo.

Halafu Naito akaita majina, taratibu, bila haraka, yote. Watu elfu ishirini na saba wakamaliza naye, wengine ukihesabu miaka huenda ni walewale walipiga kura ya kumkataa, na sauti ikatoka kwa hiyo spika ndogo mpaka ikakwaruza. Mteja mmoja alikuwa amekuja kuchukua simu yake akatupata mimi na mama tumesimama mkono juu, nikamwambia ngoja dakika moja bosi, na akangoja kweli.

Mwaka wa 2025 mwezi wa tano, tarehe 4, Naito alicheza mechi yake ya mwisho New Japan akaondoka, na BUSHI naye. Nilimwambia mama kesho yake asubuhi akiwa anakata sukuma. Akauliza kama alipewa nafasi ya kuita majina kabla aende. Tangu hapo amekariri karibu yote, ila Titán humwita Taitani, na kila Januari ikifika ananiuliza kama yule wetu wa suti anacheza.