Nilivyohangaika kuwajua pange kwa picha za simu

Mi sio mtu wa wadudu, nafuga tu, lakini msimu wa mvua uliopita huku kwetu Mvomero, Morogoro, pange, wale nzi wakubwa wanaonyonya damu ya ng'ombe, walizidi mpaka ng'ombe wakawa hawali, kutwa mikia tu, nikasema ngoja niwajue hawa ni akina nani maana kwa mjomba kila nzi anayeuma ni ndorobo, yaani mbung'o.

Ndorobo nikamtoa kwanza, huyo rahisi, akitua analaza bawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa na mdomo umechomoza mbele. Pange hayuko hivyo.

Sa kosa langu, nikapiga picha kama 60 zote za mgongoni. Usiku nazikuza weee, wote wanafanana. Kumbe shughuli iko usoni! Dume macho yamegusana, jike yameachana, na anayenyonya damu ni jike peke yake, dume anaishi kwa nekta. Afu ile nafasi kati ya macho ya jike ina kibaka, yaani kidoa, kinachong'aa, upana wa nafasi na umbo la kibaka ndo vinatenganisha spishi, na ukiwa juu ya mgongo hauvioni kabisa.

Lingine lililoniuma, nilimuua mmoja macho kijani yana michirizi mizuri, nikamtia kwenye kiboksi cha kiberiti, nikaja kumpiga picha siku ya nne kakauka, macho yamekua kahawia tu, michirizi hamna. Tangu hapo napiga akiwa hai.

Mbinu yangu ilikua kuvaa ovaroli ya bluu iliyokolea, wanaipenda rangi hiyo (ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi), nasimama karibu na zizi na kilenzi cha kubana kwenye simu. Akishazamisha mdomo kwa ng'ombe hana habari na wewe, hapo nampiga 3 fasta: uso, mgongo, bawa. Nimeumwa sana ila sijali.

Bawa linasaidia kuliko nilivyodhani. Mwenye utepe mweusi unaokatiza bawa na akitua anayaachanisha kama pembetatu, huyo ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Chrysops. Mwenye mabawa ya kijivu yana madoadoa kama karushiwa majivu, kayainamisha kama paa la nyumba, Haematopota. Yale majitu makubwa ni Tabanus, na lile lenye mistari mitatu myeupe myeupe tumboni, lipo kibao kwetu, nimeliandika Tabanus taeniola. Wengine wote nimeishia kwenye jenasi, picha ya simu haitoshi, na sioni aibu.

Mjomba bado hajabadilika. Juzi kaniita toka zizini, "Anko njoo na simu yako, kuna ndorobo hapa mabawa kama paa."